Dola, Taifa na Mpaka

SWALI: Mimi ni Mdigo wa Tanga, nauza khanga Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Shangazi zangu wako Lungalunga, Kenya. Je, sisi ni taifa moja au mawili?

JIBU: Kwa hesabu ya pasi, ndugu yangu, ni mawili. Dola ni mamlaka yenye ardhi iliyowekewa hadi, raia na serikali. Ilhali taifa ni umma unaojihesabu kuwa mmoja, uwe na dola au usiwe nayo, kama Wakurdi waliogawanyika katika nchi kadhaa. Mpaka uliowatenga ninyi haukuwekwa na Wadigo: mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kuchora mstari kutoka pwani karibu na Vanga, ukauzunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, ukaishia Ziwa Viktoria, pasipo wenyeji kushauriwa. Viongozi wa Afrika, walipokutana Cairo Julai 1964, waliazimu kuiheshimu mipaka hiyo hiyo, na kwa rai yangu walichagua shari iliyo nafuu.

Ama taifa la Tanganyika, sehemu yake kubwa ilifinyangwa hapo hapo kwenu Kariakoo, kwani chama cha TANU kiliasisiwa tarehe 7 Julai 1954 katika jengo la mtaa uitwao leo Lumumba, si mbali na soko, mbele ya watu wa makabila mbalimbali.

Wala mpaka si wa dola peke yake: uwanja wa Mnazi Mmoja, hapo hapo jijini, uliachwa wazi na wakoloni makusudi, ili Uhindini, yaani mitaa ya Wahindi, usigusane na mitaa ya Waafrika, na hakuna ramani ya ulimwengu iliyouonyesha mpaka huo.