Kamba mkononi, chanjo mwilini: kutembea msituni na mbwa

Wengi wetu tuishio mjini hufuga mbwa ambaye maisha yake yote ni ua na lango. Mbwa wa namna hii hunenepa na huwa mkali kwa ukiwa. Mara nyingi mwenyewe naye amenenepa kwa kukaa kitako. Dawa yao ni moja: kutembea.

Msitu wa Karura jijini Nairobi, wenye zaidi ya hekta 1,000, ni mojawapo ya mahali ambapo mbwa huruhusiwa kuingia pamoja na mwenyewe. Mwaka wa 1999 marehemu Profesa Wangari Maathai alijeruhiwa akiutetea usinyakuliwe. Njia zake hupita chini ya miti, kando ya mto, hadi kwenye maporomoko ya maji.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kila juma. Tembea dakika 30 kwa siku tano, nawe utakuwa umetimiza. Uharakishe mwendo hadi upumue kwa kasi, lakini uweze kuzungumza. Nenda asubuhi, na ubebe maji ya mbwa pia, kwani yeye hupoza mwili kwa kuhema.

Sharti kuu ni mbwa afungwe kamba. Msituni mna kima na paa, watoto na waendesha baiskeli. Mbwa aliye mpole nyumbani aweza kumrukia mmoja wao.

Hapo ndipo penye hatari ya kichaa cha mbwa. Virusi vya ugonjwa huu hukaa katika mate, huingia mwilini kupitia jeraha na kufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Kwa kawaida dalili huonekana baada ya miezi miwili au mitatu, na zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini anayetibiwa mapema huokoka.

Je, ufanye nini mbwa akikuuma au akikukwaruza?

1. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15.

2. Usipake pilipili, mafuta wala majani.

3. Nenda hospitalini siku iyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo au mbwa unamjua. Usingoje dalili.

4. Ukianzishiwa chanjo, rudi kila tarehe uliyopangiwa mpaka daktari aseme imetosha.

Waambie watoto wasifiche kuumwa kwa kuogopa kukaripiwa.

Mkirudi nyumbani, mpekue mbwa masikioni na katikati ya vidole, umtoe kupe. Na kabla hamjatoka tena, tazama kadi yake ya chanjo. Ikiwa mwaka umepita, safari ya kwanza iwe kwa daktari wa mifugo.