Boya linasomwaje bila kuguswa?

SWALI: Fundi wa depo anasema kipimo cha tangi letu la dizeli ni waya na sumaku tu. Kweli?

JIBU: Kweli kabisa. Ndani ya fimbo ya kipimo mna waya wa aloi, mara nyingi ya chuma na nikeli, ambayo hubadilika umbo kidogo mno ikipata usumaku. James Joule aliliona jambo hilo kwenye chuma mwaka 1842. Boya lenye sumaku huelea juu ya dizeli, likiizunguka fimbo. Mpigo wa umeme ukipita wayani, waya hujisokota palepale penye sumaku, na msokoto hukimbia hadi kichwani mwa fimbo kwa takriban mita 2,800 kwa sekunde. Muda ukipimwa, umbali umejulikana. Hakuna kinachosuguana na waya, kwa hiyo hauliki. Ila msiweke sumaku nyingine karibu na fimbo, kipimo kitadanganya.