Kujisomesha kwa Vitabu vya Mtandaoni

Vijana wa darsa yetu hapa Eldoret wametuuliza mara nyingi: je, yafaa mtu ajisomeshe dini kwa simu yake? Jawabu yetu ni kuwa yafaa, tena kwa wakaao mbali na masheikh yakaribia kuwa lazima. Walakini jambo hili lina njia zake, na asiyezishika hujidhuru nafsi yake, na huenda akavunja na nyumba za watu.

Sisi wa huku bara twaijua dhiki ya vitabu. Aliyezaliwa Lamu au Mombasa aliwakuta masheikh barazani na vitabu vyao kabatini. Kwetu, mwenye kuhitaji juzuu moja ya Fat-hul-Bari hakuwa na budi kuagiza Nairobi, mwendo wa kilomita 300 na zaidi, au kumngojea mtu arudi Hija. Leo kitabu hicho chote kimo ndani ya simu ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi, wala hakumgharimu ila bando. Hii ni neema, na neema hushukuriwa kwa kutumiwa.

Wako wenzetu wasemao kuwa ilimu ya mtandaoni si ilimu, na kwamba asiyepiga magoti mbele ya sheikh asifungue kitabu. Twawaheshimu, lakini twahitalifiana nao. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alikuwa akilisoma jarida la Al-Manar, alilolitoa Sayyid Rashid Rida huko Misri tangu 1898. Kisha yeye mwenyewe akatoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akaandika kwa Kiswahili ili mtu wa kawaida apate kuisoma dini yake kwa lugha yake. Kilichobadilika leo ni chombo tu. Lakini wanaotolea hoja mfano huu husahau nusu yake: Sheikh Al-Amin alikuwa amekwisha soma kwa masheikh wa Mombasa na Unguja. Msingi ulikuwapo, na jarida likajenga juu yake.

Basi na tuvitaje vilivyo bora. Kwa Qur'ani, tovuti ya quran.com ina msahafu, visomo vya makarii wengi, na tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani. Kwa hadithi, sunnah.com huweka Kiarabu pamoja na Kiingereza, na katika vitabu kama Sunan Abu Daud huonyesha daraja ya hadithi, kuwa ni sahihi, hasan au dhaifu. Ni aibu kuona watu wakitumiana hadithi za WhatsApp kila Ijumaa bila ya kuutazama mstari huo mmoja! Ajuaye Kiarabu ana Ad-Durar As-Saniyya: huandika maneno machache ya hadithi, akaletewa aliyeipokea na hukumu walizozitoa maulamaa juu yake.

Lakini hazina kubwa ni Al-Maktaba Ash-Shamila. Ni maktaba ya maelfu ya vitabu vya Kiarabu, nayo ni bure. Mtu akisha kuipakua, vitabu alivyovichukua husomeka bila ya intaneti, na hili ni jambo la kushukuru kwa asiye na bando kila siku. Hata hivyo ina adabu yake. Vitabu vyake vingi vimepigwa chapa upya kwa kompyuta, na herufi zaweza kukosewa. Mwanzoni mwa kitabu huandikwa kama hesabu ya kurasa zake yaafikiana na nakala iliyochapwa au haiafikiani. Msomaji asiharakishe kuyapita maneno hayo. Akitaka kunukuu, na aitafute sura ya kitabu chenyewe, kwani Internet Archive imejaa nakala zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa.

Na asiyejua Kiarabu? Na aanze hapo. Duruusul-Lugha ya Dkt. V. Abdur Rahim, aliyesomesha Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, ina sehemu tatu, na vitabu na masomo yake ya video vyapatikana bure. Somo moja kila usiku lashinda mihadhara kumi ya kusikiliza huku mtu akisinzia. Wala tusidhani kuwa hisabati ni ya wengine: Khan Academy, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2008, huisomesha bila ya malipo tangu kujumlisha mpaka masomo ya vyuo vikuu.

Tumeona pia vijana wakiziuliza programu za akili mnemba mas-ala ya fikihi. Programu hizi hutunga sentensi nzuri, na mara nyingine hutunga hata hadithi isiyokuwapo, zikaitilia na nambari ya ukurasa. Litokalo huko lisichukuliwe mpaka lionekane ndani ya kitabu.

Sasa tuseme juu ya nyumba za watu. Mtu mmoja mjini hapa alimwambia mkewe talaka tatu kwa neno moja, katika hasira. Akafungua simu, akasoma kuwa hiyo ni talaka moja, akamrejea. Shemeji yake naye akafungua yake, akasoma kuwa ni tatu, akaja kumchukua dada yake na watoto wawili. Tovuti zote mbili hazikusema uwongo. Moja ilinakili madhehebu manne mashuhuri. Ya pili ilinakili rai ya Ibn Taymiyya, ambayo hata sheria ya Misri nambari 25 ya mwaka 1929 iliichukua. Lakini hakuna simu iliyomwuliza yule mume alitamka lafudhi gani, alikuwa katika hali gani, na kama alikwisha kumtaliki kabla ya siku ile. Hayo ndiyo ayaulizayo Kadhi, naye ndiye Katiba ya 2010 iliyempa kazi hii baina ya Waislamu waridhiao hukumu yake. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun-Nahl tuwaulize wenye ilimu ikiwa hatujui. Kusoma mlango wa talaka kwa simu ni halali. Kujihukumia mwenyewe si kusoma.

Njia tuionayo sisi ni hii. Mtu ashike matini moja fupi, mfano Safinatun-Najaa, aimalize kwa mwalimu. Kila jioni aifungue sharhe yake, Kaashifatus-Sajaa, mtandaoni, na linalomtatiza aliandike daftarini alilete darsani. Asirukeruke kutoka kitabu hata kitabu kwa kuwa tu vyafunguka.

Neno letu la mwisho ni kwa dada zetu. Makabati ya vitabu zamani yalikuwa katika vyumba vya wanaume. Simu haina chumba. Wale wasioweza kutoka baada ya Magharibi tutawatumia sauti ya darsa usiku ule ule, nao watuletee maswali yao kwa maandishi, yajibiwe mbele ya wote. Safina twaianza Jumamosi ijayo, mlango wa tohara. Wenye simu waje nazo, na kila mtu aje na daftari.