Mharagwe, Muhindi na Mnanasi: Jinsi Mimea Inavyotunza Maji



Hapa Lubumbashi, tangu mwezi wa Mei hata Septemba, mvua karibu haipo. Katika viwanja vya Bel-Air majani hukauka, na kina mama hupima maji ya ndoo kabla ya kumwagilia bustani. Walakini mnanasi ulio karibu na ukuta hukaa mbichi. Je, una siri gani?

I. Shida ya kila jani

Jani hujitengenezea chakula kwa vitu vitatu: maji yatokayo mizizini, hewa ya kaboni itokayo nje, na nuru ya jua. Kazi hii huitwa usanisinuru. Hewa huingia kwa vitundu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Lakini mlango uingizao hewa ndio huo huo utoao mvuke wa maji. Jani likifungua, hupoteza maji. Likifunga, hukosa chakula.

II. Njia tatu

Ya kwanza ni ya mharagwe, mpunga na matembele. Mimea hii hufungua vitundu mchana, jua likiwaka. Kwa kila gramu moja ya hewa ya kaboni, hupoteza maji kadiri ya gramu 400 hata 500.

Ya pili ni ya muhindi, muwa na lengalenga. Hewa hunaswa upesi, kisha hukusanywa kwa wingi katika chembe zizungukazo mishipa ya jani. Kwa hiyo vitundu vyaweza kufunguliwa kidogo tu, na kazi ikaendelea. Maji yapoteayo ni gramu 250 hata 300. Hatch na Slack walieleza njia hii huko Australia mwaka 1966, walipochunguza muwa.

Ya tatu ni ya mnanasi na mkonge. Hii hufungua vitundu usiku, wakati wa ubaridi. Hewa hugeuzwa asidi na kuwekwa akiba. Kukipambazuka, milango hufungwa, na akiba hutumika kwa nuru ya jua. Maji yapoteayo ni gramu 50 hata 100 tu. Katika barua iliyochapwa mwaka 1815, Benjamin Heyne alieleza kwamba huko India alionja majani ya mmea wa namna hii: asubuhi yalikuwa machachu, alasiri uchachu umekwisha. Watoto wasimwige, kwani mmea ule una sumu.

III. Faida kwetu

Mtu asidhani kwamba muhindi hauhitaji mvua. Ukikosa maji wakati wa kutoa maua, punje huwa chache, na bukari hupungua nyumbani. Basi tupande mvua ikiisha kushika. Majani makavu tusiyachome, bali tuyatandaze shinani, udongo usikauke upesi. Na mwenye ndoo chache wakati wa joto achague lengalenga kuliko mharagwe.

Yosefu aliweka nafaka ghalani Misri kabla ya njaa kufika. Mnanasi, usio na akili, hufanya vivyo hivyo kila usiku kwa kadiri ya Muumba wake. Sisi tumepewa akili. Kuomba mvua ni vema. Kuomba mvua na kumwaga maji ovyo si vema.

Maswali

1. Kwa nini jani haliwezi kufunga vitundu vyake daima?
2. Mnanasi huweka nini akiba usiku?
3. Nyumbani kwenu maji hupotea wapi bure?