Somo kwa Wenye Malori: Dereva na Tajiri Wake

Mtu anunuapo lori la pili baada ya la kwanza, kazi yake hubadilika bila yeye kujua. Alipokuwa na lori moja, huenda aliliendesha mwenyewe, au alimjua dereva wake kama amjuavyo ndugu. Akifikisha malori sita au kumi, hukaa ofisini Changamwe au Nairobi na kuyatazama magari yake katika kioo cha simu, ambapo kila moja ni alama ndogo itembeayo juu ya ramani. Alama hiyo huonyesha mahali gari lilipo na mwendo wake. Haionyeshi ya kuwa dereva hakulala tangu jana, wala ya kuwa breki za trela zimeanza kutoa harufu. Habari hizo anazo mtu mmoja tu, naye hatazisema ikiwa amezoea kujibiwa kwa matusi.

Somo hili lahusu jinsi ya kumfanya mtu huyo aseme, na jinsi ya kumfanya atake kubaki katika kazi.

Jambo la kwanza ni hesabu, nayo yafaa ifanywe kabla lori halijatoka bandarini. Toka Mombasa hata mpaka wa Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, yakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Lori lenye mzigo mzito, likipanda milima na kungoja zamu katika mizani ya Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye, tuseme laenda kilomita 45 kwa saa. Kwa saa 8 litakwenda kilomita 360. Basi usiku wa kwanza dereva alale Emali, usiku wa pili alale Salgaa, ng'ambo ya Nakuru, na Malaba aione siku ya tatu. Tajiri atakaye lori lifike Malaba kesho yake jioni ameamuru sheria ivunjwe, hata ikiwa amri hiyo hakuiandika mahali popote. Na saa 8 hizo zisiwe za mfululizo. Mkataba Namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, waweka saa 4 kuwa kipimo cha kuendesha bila kupumzika.

Karani wa safari aandike mahali pa kulala katika karatasi ya safari, kama aandikavyo namba ya kontena. Na pesa za kulala na za chakula zitolewe kabla ya safari. Dereva aliyeahidiwa pesa zake "akirudi" atazitafuta njiani, na njiani kuna kitu kimoja tu awezacho kuuza, yaani mafuta ya dizeli.

Hapa ndipo penye hatari iliyo kubwa kuliko zote. Watu wengi wamesikia habari za ajali za mteremko wa Sachangwan na Salgaa, ambako kazi ya kutenganisha magari yaendayo na yajayo ilianza mwaka 2018. Barabara ile ina makosa yake, na madereva wana yao. Mojawapo ya desturi zilizoua watu huko ni kuitoa gia na kuliachilia lori literemke lenyewe, ili dizeli ibaki tangini na kuuzwa. Lori lililo katika gia huzuiwa na injini yake, na breki husaidia tu. Lori lisilo katika gia hutegemea breki peke yake. Breki zikishikilia mzigo wa tani nyingi kwa kilomita kadhaa hupata moto, na zikipata moto sana hazishiki tena, hata dereva akikanyaga kwa nguvu zake zote. Kuirudisha gia wakati huo, mwendo ukiwa umekwisha kuzidi, mara nyingi haiwezekani.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi faida yenyewe haipo. Injini nyingi za siku hizi, zinazoendeshwa kwa umeme, hukata dizeli kabisa lori likiteremka katika gia na dereva akiondoa mguu. Ni lile lililotolewa gia ndilo huendelea kunywa kidogo ili injini isizimike. Dereva aliyeelezwa jambo hili kwa utaratibu, akaonyeshwa na fundi katika gari lake mwenyewe, ataliamini. Lakini wengi hawakuelezwa. Walipewa onyo lililoandikwa, nalo likabandikwa ukutani karibu na picha ya kalenda.

Hata hivyo elimu peke yake haitoshi. Mwenye njaa hana miiko, na tajiri apimaye dizeli hata tone la mwisho, huku akichelewesha mshahara wa mwezi, anamsukuma mtu wake mteremkoni. Afadhali dereva apewe mafuta ya kutosha kwa njia aendayo, na arudishapo salio apate sehemu yake iliyo wazi, inayojulikana na wote. Wizi hupungua pale haki inapoonekana.

Jambo jingine ni maneno ya dereva juu ya ubovu wa gari. Kila lori liwe na daftari. Dereva aandike, fundi atie sahihi, na lori lisitoke mpaka neno hilo limejibiwa. Akisema breki haziko sawa, asiulizwe kwanza mzigo utachelewa saa ngapi. Akiitwa mwoga mara moja mbele ya wenzake, hatasema tena, na wenzake waliosikia hawatasema pia. Na ofisi isimpigie simu lori likiwa mwendoni. Yafaa kungoja asimame.

Mpakani ndiko dereva ajuako kama ana tajiri au hana. Mwaka 2020, katika siku za ugonjwa wa Korona, madereva walingoja siku nyingi Malaba katika foleni ya kilomita nyingi, wakitazamiwa majibu ya vipimo, nao wakaogopwa na watu wa miji waliyopitia. Lori halikwenda, lakini mtu aliyekuwamo aliendelea kula, kunywa maji na kununua dawa. Waliotumiwa pesa za siku za kungoja, na ambao jamaa zao nyumbani walipelekewa habari na ofisi, hawakusahau. Wala hawakusahau wale walioachwa.

Kwa mwenye malori asiyejua aanzie wapi, yafaa apande kiti cha utingo mara moja kwa mwaka, toka Mombasa hata Malaba, bila haraka, ale mahali alapo dereva na kulala pale alalapo. Achukue blanketi nzito, kwa maana Timboroa baridi ya usiku ni kali.