Mbona Daktari Mtarajiwa Hatoi Damu?

Wahenga walinena kuwa damu ni nzito kuliko maji. Msemo huu hutuponza tunapoombwa kutoa damu, kwani wengi wetu hungoja mpaka mgonjwa awe wa kwao.

Kweli, Agosti 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani hapa Nairobi na kuua watu zaidi ya 200, wananchi walipiga foleni kutoa damu bila kuulizana kabila. Septemba 2013, baada ya shambulizi la Westgate, foleni zikaonekana tena. Lakini mama anayevuja damu akijifungua, au mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, hatangazwi redioni. Tena damu haiwekwi kama mahindi ghalani. Chembe nyekundu hukaa baridini siku 42 hivi. Zile za kugandisha damu, siku 5 tu.

Nilidhani wanaosomea udaktari wako mstari wa mbele. Jirani yetu hapa Njiru, tunayemwita Kaka Daktari, yuko mwaka wa tatu chuo kikuu. Nilimwuliza, "Kaka, umetoa mara ngapi?"

Akakuna kichwa. "Mdogo wangu, bado."

Sindano? La hasha! Anajua kila mtu huwekewa mpya, huchukuliwa mililita 450 hivi, na mwili hurudisha. Anachoogopa ni majibu, maana damu hupimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini na kaswende. "Nimesoma hayo magonjwa yote," akasema. "Kujua ndiko kunanitia baridi." Wenzake, eti, hutoa mmoja wao akilazwa.

Basi mzigo umeangukia nani? Sisi! Nchini Kenya mtu hutoa damu kuanzia miaka 16 hadi 65, na kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari wamekuwa tegemeo. Shule zikifungwa, akiba hupungua. Sisi hawa tusioweza kuchora moyo bila mwalimu kusahihisha!

Nilipomwambia mama nataka kutoa, alinitazama juu mpaka chini. "Na hiyo damu yenyewe unayo wapi?" Nikamsomea daftari langu la Bayolojia. Hakujibu, ila usiku huo ugali wangu uliongezwa.

Sharti jingine ni kilo 50. Jumamosi nilijipima kwenye duka la dawa pale steji. Kilo 49.