SOMO LA MAFUNDI: KUUNDA PIKIPIKI UPYA, VIPURI NA RANGI



Somo la leo linawahusu mafundi wa Kamembe, Bugarama na vituo vingine vya Rusizi wanaopokea pikipiki iliyochoka na kuiunda upya. Kazi hii tunaijua. Mteja amenunua mnadani Yamaha AG 100 iliyokuwa ya mradi, au ana Boxer iliyogongwa. Anataka tangi jekundu, madigadi yaliyonyooka, keria pana ya mzigo, na injini inayowaka kwa kiki moja.

Kazi hii ina milango miwili ya hasara kwa fundi. Mlango wa kwanza ni vipuri: hapo fundi hupoteza pesa, na pengine jina lake. Mlango wa pili ni rangi: hapo hupoteza mapafu. Tutaeleza milango yote miwili, kisha tutatazama bei.

1. KARATASI KABLA YA SPANA

Kabla ya kufungua bolti hata moja, soma nambari ya chasisi. Kwa kawaida imegongwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani. Soma pia nambari ya injini. Zilinganishe na kadi ya pikipiki. Ukiona nambari imesuguliwa kwa tupa au imegongwa upya, usiipokee kazi hiyo. Fundi anayepaka rangi mpya juu ya fremu ya wizi ataulizwa yeye kwanza, maana pikipiki itakutwa kwake.

Kadi huonyesha pikipiki ilivyo. Mteja anayetaka kubadili rangi au injini aulize kwanza ofisi inayoandikisha vyombo vya moto. Mwambie mapema, tena mbele ya shahidi. Asije akasema baadaye kwamba fundi ndiye aliyemponza.

2. VIPURI HUNUNULIWA KWA NAMBARI

Vipuri vya Bajaj na TVS hutengenezwa India. Vingi huvuka bahari hadi bandari ya Dar es Salaam, hupita mpaka wa Rusumo, hufika Kigali, halafu husafiri kupitia Huye na msitu wa Nyungwe mpaka kwetu. Kila mkono vinapopita unaongeza bei yake. Kwa hiyo kipuri kisichofaa ni hasara mara mbili: pesa ya kipuri na siku za kungoja kingine.

Wengi wetu huenda dukani na kusema, "Nipe beringi ya gurudumu la mbele." Hiyo haitoshi, hasa kwa pikipiki iliyoundwa kwa vipande vya pikipiki mbili au tatu. Safisha kipuri cha zamani, soma nambari yake, iandike. Beringi iliyoandikwa 6301 ina tundu la milimita 12, upana wa nje milimita 37, na unene milimita 12. Ile ya 6202 ina tundu la milimita 15, upana wa nje 35, na unene 11. Nambari hizi ni zile zile kwa viwanda vyote, hata kama pikipiki ni ya Japani, India au China.

Mnyororo nao una nambari. Mnyororo 428 na mnyororo 420 vina umbali mmoja kutoka pini hadi pini, milimita 12.7. Lakini ule wa 420 ni mwembamba, hautakaa vizuri kwenye meno ya 428. Anayepima urefu tu atadanganyika. Tairi iliyoandikwa 3.00-17 maana yake upana wake ni inchi 3 hivi, na rimu yake ni ya inchi 17.

Si kila kipuri cha zamani ni kibaya. Fremu isiyopasuka, madigadi, keria, usukani ulionyooka na mabano ya taa vinaweza kutoka kwenye pikipiki nyingine. Lakini breki, waya za breki, beringi, tairi na mnyororo, nunua vipya. Mnyororo na sproketi zake mbili vibadilishwe pamoja, kwa sababu meno yaliyolika hula mnyororo mpya upesi. Kumbuka kwamba pikipiki hii itabeba mtu nyuma katika miteremko ya Nyungwe.

Daima dai risiti. Tangu mwaka 2013 Rwanda inatumia mashine za EBM, na risiti yake inaonyesha duka, tarehe na kodi. Risiti ni ngao yako siku mteja atakaposema umemwekea kipuri cha wizi, au kwamba bei uliyomwambia si ya kweli. Kipuri kinachotoka Bukavu kipite forodha, kiwe kimepita Rusizi ya Kwanza au Rusizi ya Pili. Kilichofichwa mfukoni hakina karatasi ya kukutetea.

3. KUTAYARISHA BATI

Rangi nzuri hutoka kwenye msasa, haitoki kwenye kopo. Fungua kila kitu kinachofunguka. Osha kwa maji na sabuni mpaka mafuta yaishe, maana mahali penye mafuta rangi haishiki.

Tangi lina hatari yake. Tangi tupu lililokuwa na petroli lina mvuke ndani, na mvuke ndio unaolipuka. Usipeleke tangi kwa mchomeleaji kabla ya kulimwaga, kuliosha kwa maji ya sabuni mara kadhaa, na kulijaza maji hadi karibu na mahali pa kuchomea. Asiyekubali kungoja kazi hiyo apeleke tangi lake kwingine.

Rangi ya zamani isuguliwe kwa msasa wa maji. Rangi nyingi za zamani za manjano, machungwa na nyekundu zina risasi ndani, yaani ile madini ya sumu. Vumbi lake huingia kwa pumzi na kwa mikono wakati wa kula, kisha huenda nyumbani kwenye nguo na kuwafikia watoto. Jambo hili limejulikana zamani: Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba nambari 13 kuhusu rangi nyeupe ya risasi mwaka 1921.

Bodi fila ipakwe nyembamba, tabaka kwa tabaka. Ikikauka, anza na msasa wa 80, kisha 180, kisha 320. Halafu paka rangi ya kuzuia kutu, na uisugue polepole kwa msasa wa 400 au 600 kabla ya rangi yenyewe.

4. RANGI NA MAPAFU

Hali ya hewa kwetu ina tabia zake. Kamembe iko karibu na ziwa Kivu, na miezi ya mvua hewa ina unyevu mwingi. Ukipuliza rangi yenye thina ya kukauka haraka siku kama hiyo, unyevu hushikwa juu ya rangi nayo hugeuka kama maziwa. Ngoja saa ambazo jua limepanda. Mwaga maji ya kompresa kila asubuhi. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, adui ni vumbi: nyunyizia sakafu maji kwanza. Shika bunduki ya kupulizia umbali wa sentimita 15 hadi 20, kila mpulizo ufunike nusu ya uliotangulia, na tabaka moja lingoje lingine kama kopo linavyoelekeza.

Sasa tuje kwenye jambo kubwa la somo hili. Rangi za pikipiki ni za aina mbili. Kuna rangi ya kopo moja, ambayo huchanganywa na thina tu. Kuna rangi ya makopo mawili, ambayo huchanganywa na kigumishi, wengi wetu tunakiita hadena. Hii ya pili hung'aa sana, nayo haiharibiki petroli ikimwagika juu ya tangi. Ndiyo maana wateja wanaipenda.

Lakini katika hadena ya rangi nyingi za namna hiyo mna kemikali iitwayo isosayaneti. Ikipulizwa kwa bunduki huingia mapafuni na inaweza kuleta pumu. Ubaya wake ni huu: huwezi kuitegemea pua yako, kwa kuwa hewa inaweza kuwa na kiasi cha kudhuru bila wewe kusikia harufu. Dalili mara nyingi huja jioni au usiku: kikohozi, kifua kubana, kupumua kwa filimbi. Siku za mapumziko mtu hupata nafuu, kwa hiyo hudhani ni mafua. Mwili ukishaikataa kemikali hii, hata kidogo tu huleta shambulio. Fundi wa namna hiyo hulazimika kuiacha kazi ya kupuliza.

Kitambaa puani hakisaidii. Barakoa ya vumbi, kama zile zinazotumika penye vumbi la saruji, hukamata vumbi lakini mvuke hupita. Kinga iliyo bora kwa rangi ya makopo mawili ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, pamoja na chumba chenye feni ya kutoa hewa chafu. Gereji nyingi zetu hazina vifaa hivyo. Basi ushauri wetu ni huu: asiye na kinga hiyo asipulize rangi ya makopo mawili. Fremu, madigadi na keria zipakwe rangi ya kopo moja, na fundi avae barakoa yenye vichujio vya makaa, afanye kazi penye upepo, mbali na moto na watu. Tangi pekee, ambalo lazima listahimili petroli, lipelekwe kwa mwenye chumba na vifaa.

Tusinawe mikono kwa petroli wala thina. Petroli ina benzini, na benzini huharibu damu. Mkataba nambari 136 wa mwaka 1971 uliwekwa kwa ajili yake. Tumia mafuta ya kupikia kidogo, halafu sabuni.

Sheria ya kazi ya Rwanda, nambari 66/2018, inamgusa hata mfanyakazi wa sekta isiyo rasmi katika usalama na afya kazini, na katika haki ya kujiunga na chama. Sheria hiyo pia inakataza kazi za hatari kwa walio chini ya miaka 18. Kwa hiyo mwanafunzi wa miaka 16 afundishwe msasa wa maji na spana. Bunduki ya rangi ingoje.

5. BEI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano. Tuseme mmepatana faranga 200,000 kwa kazi yote. Vipuri vimekula 110,000 na rangi 35,000. Zimebaki 55,000. Kukodi kompresa na umeme ni 10,000. Zimebaki 45,000. Mafundi wawili wamefanya kazi siku 12. Kila mmoja amepata faranga 1,875 kwa siku, na bado hajanunua vichujio vya barakoa.

Kosa hapo ni mapatano ya jumla. Vipuri viandikwe peke yake, na mteja avilipe kwa risiti kabla ya kazi kuanza. Ufundi uandikwe peke yake, kwa siku. Vifaa vya kinga viandikwe kama vile rangi inavyoandikwa, kwa kuwa bila hivyo rangi haipakwi. Mteja atie sahihi. Fundi mmoja akidai hivyo peke yake, mteja atavuka barabara kwenda kwa jirani. Gereji zote za mtaa zikidai hivyo, hana pa kwenda. Vilevile gereji tano zikichanga, zinaweza kununua kwa pamoja barakoa moja ya hewa safi na kuitumia kwa zamu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika gereji yetu, nani hupuliza rangi, na huvaa nini?
2. Je, kuna mwenzetu anayekohoa usiku na kupata nafuu siku za mapumziko? Amekwenda hospitali na kueleza kazi yake?
3. Kazi ya mwisho tuliyofanya ilitupatia faranga ngapi kwa siku, kwa kila fundi?
4. Ni gereji zipi za jirani tunazoweza kupatana nazo juu ya karatasi moja ya bei?

Majibu yaandikwe na kuletwa katika mkutano ujao wa tawi.